Siku Ishirini na Moja za Kucha za Mama Povu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Povu anakunja ngumi, anaizamisha kwenye beseni la maji ya sabuni na kuanza kulikandamiza shuka taratibu, kama mtu anayemwamsha mkubwa wake kazini. Ncha za vidole haziguswi na kitu. Kazi yote inafanywa na vifundo, viganja na, inapobidi, viwiko.

"Vidole leo ni wageni rasmi," anasema bila kuinua uso. "Wenyewe wanakaa tu, wanatazama watu wakifanya kazi."

Wageni rasmi hao wamevaa kucha bandia nyekundu, zilizopita ncha za vidole kwa urefu wa punje ya muhindi. Ukizihesabu zipo tisa. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kimezungushiwa plasta, na kucha yake ya kumi imo ndani ya kimfuko cha nailoni, imebanwa kwa kibanio kwenye kamba, katikati ya soksi.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Saa tatu kamili mwenye saluni atazihesabu kucha hizo, na hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama binti wa Mama Povu atapewa kiti cha kazi au atarudia mafunzo kwa miezi mitatu mingine.

"Naambiwa nisiwe na wasiwasi," anasema, akilisukuma shuka kwa kisigino cha kiganja. "Sina wasiwasi. Nimeamka saa tisa kwa sababu nilipenda tu."

Mama Povu amekuwa dobi wa mkono kwa miaka kumi na saba. Ofisi yake ni uani, nyuma ya safu ya vyumba vya kupanga: bomba moja, kamba sita, mabeseni manne na pasi ya mkaa inayokaa juu ya tofali. Anafulia kaya kumi na nne. Siku ya kawaida hufua nguo sitini hivi, na siku ya mashuka hapendi kuhesabu.

Jina lake limetokana na povu la sabuni. Majirani wana maelezo mengine ambayo hawayasemi akiwa karibu, yanayohusu povu la mdomoni.

"Wanadhani sijui," anasema. "La beseni langu, la mdomoni langu, na yote mawili yanatakatisha."

Sabuni na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe zimemlisha, lakini nazo zimemla. Kucha zake za asili zilikuwa zimekuwa laini kama maganda ya kitunguu. Binti yake alipomaliza shule, wakapiga picha ya pamoja, na mama akaweka mikono nyuma.

"Kwenye ile picha anaonekana kama askari anayekaguliwa," anasema binti, mwenye umri wa miaka ishirini. "Wageni wakiiona wanauliza mama yako alikuwa jeshini?"

Binti huyo, badala ya kushika beseni, aliomba kujifunza kazi ya kucha kwenye saluni iliyo ng'ambo ya barabara. Alifagia, akachemsha maji, akafungua na kufunga mlango, na kwa miezi saba akajifunza kusugua, kubandika na kupaka rangi. Mwenye saluni, ambaye kila mtu humwita Madam, ni mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja ya macho na nyingine ya kuning'iniza shingoni.

Madam ana sheria moja ambayo haijawahi kulegea. Kila mwanafunzi anayemaliza hubandika kucha kumi kwenye mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo anakwenda kuishi maisha yake ya kila siku kwa siku ishirini na moja, kisha anarudi kuhesabiwa. Kucha iliyoanguka hairudishwi. Anayetaka kiti alete kumi.

Mwaka huu kiti kilikuwa kimoja na wanafunzi watatu. Wa kwanza alimbandika wifi yake, ambaye kazi yake ni kupokea simu ofisini. Wa pili alimbandika shangazi yake, aliyekuwa kitandani mguu ukiwa umefungwa plasta.

Binti wa dobi alimbandika dobi.

"Wenzangu walinicheka mpaka wakaketi chini," anakumbuka. "Waliniuliza, kwani wewe umegombana na kiti? Mimi nikawaambia, mikono niliyonayo ni ile iliyonisomesha. Kama kazi yangu haiwezi kukaa kwenye mikono hiyo, basi inamfaa nani?"

Siku ya kwanza, Mama Povu alirudi nyumbani akiwa amenyoosha mikono mbele kama anayebeba sinia la vyombo vya watu. Mumewe, fundi viatu anayeshonea barazani, alimtazama mke aliyeishi naye miaka ishirini na miwili akijaribu kuokota sarafu sakafuni. Sarafu iliteleza, ikazunguka, ikaingia chini ya kabati.

"Iache," mume alimwambia kwa upole. "Imekushinda kihalali."

Kufunga vifungo vya blauzi kulichukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Kibiriti alikiwasha kwa msaada wa koleo la mumewe. Unga aliukanda kwa vifundo, na bado jioni alikuta nusu ya unga umehamia chini ya kucha. Simu aliibonyeza kwa kifundo cha kidole, akakusudia kumpigia mteja na akampata mama mkwe.

Mama mkwe alikuja siku ya pili kuona kulikoni. Alisimama mlangoni, akaangalia mikono ile, akamgeukia mwanawe.

"Baba, mimi nilikuozesha dobi. Huyu mwewe umemtoa wapi?"

"Mama, usimlaumu," fundi viatu alijibu. "Hujamwona akinikuna mgongo."

Bombani ndiko kulikokuwa na kazi kubwa zaidi. Alianza na glavu za mpira, lakini kucha zilizitoboa. Jozi nne ziliisha kwa siku tatu. Akajaribu kuvaa soksi mikononi. Soksi zikanywa maji, mikono ikawa mizito, akaonekana kama bondia aliyepotea njia.

"Mama Povu, leo tunafua au tunaenda harusini?" wapangaji wenzake walimuuliza.

"Tunafua, halafu tunaenda harusini kwenu kuwaonyesha watu wanavyopendeza."

Kufikia siku ya tano alikuwa ametengeneza ufuaji mpya kabisa. Mashuka aliyakanyaga kwa miguu ndani ya beseni kubwa. Kuyakamua, aliyazungusha kwenye nguzo ya kamba na kuyasokota kwa viganja na viwiko, akiyakumbatia kama anayeamua ugomvi. Na hapo akagundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: pembeni mwa kola, pale ambapo burashi haifiki, kucha inafika.

Kola zikaanza kutoka nyeupe kuliko zilivyonunuliwa. Wateja wakauliza amebadilisha sabuni gani. Yeye akaziangalia kucha zake kwa jua, akaanza kuzipenda.

"Usimwambie binti," anasema kwa sauti ya chini, ingawa binti yuko hatua mbili pembeni akianika. "Zamani nikipokea hela ya mteja nilikuwa naipokea haraka haraka, mkono unarudi kwenye kanga. Kwa kucha hizi nikawa napokea polepole. Hata chenji nilitaka kuwarudishia moja moja."

Binti alikuwa amempa utaratibu mmoja wa lazima. Kila beseni linapomalizika, kabla nguo hazijatoka uani, kidole gumba kiguse vidole vingine, mkono huu kisha ule, na mama atamke kwa sauti: "Kumi!" Majirani waliuzoea wito huo. Siku nyingine wao ndio walioitikia kutoka vyumbani mwao: "Kumi zipooo!"

Siku ya kumi na tisa, wingu lilitanda tangu saa tano. Mama Povu aliharakisha nguo za mwalimu wa hesabu anayeishi vyumba vitatu mbele. Suruali za mwalimu zina tabia moja: mifuko imejaa vumbi la chaki, na vumbi hilo likilowa hugeuka uji ndani ya pembe za mfuko. Alipindua mfuko, akakwangua pembe zote, akarudisha, akasuuza. Zilipokauka akapiga pasi, akapeleka. Matone ya kwanza yalipoanguka alikuwa keshafika barazani kwake, mkavu na mwenye furaha.

Ndipo alipogusa vidole.

"Nilihesabu tisa. Nikasema nimekosea, mimi si mtu wa hesabu. Nikaanza upande mwingine. Tisa."

Walitafuta ndani ya mabeseni. Walipekua mtaro. Fundi viatu alilala kifudifudi chini ya kamba na tochi mchana kweupe, mvua ikimnyeshea mgongoni. Mpangaji mmoja alileta sumaku, akaambiwa kucha si msumari, akasema alikuwa anataka tu kusaidia.

Saa kumi jioni, mvua imekatika, mke wa mwalimu aliingia uani. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alikuwa na leso iliyokunjwa mara nne. Hatua tatu nyuma yake alikuja mwalimu mwenyewe, amekumbatia madaftari ya wanafunzi, na uso wa mtu aliyekuwa akijitetea tangu saa saba.

"Dada," mke wa mwalimu alianza, "wewe ni mtu mzima, na nguo zetu unazijua kuliko tunavyozijua sisi. Hiki kitu nimekikuta kwenye mfuko wa suruali ya mume wangu. Sitaki ugomvi. Nataka jina tu la mwenyewe."

Akaikunjua leso. Katikati ililala kucha moja nyekundu.

"Kucha yangu!" alipiga kelele Mama Povu, akaruka, akamkumbatia. "Mungu akubariki! Nimekutafuta kutwa nzima!"

Mke wa mwalimu alikuwa bado ndani ya lile kumbatio, mikono imening'inia. Pale barazani, fundi viatu aliinuka polepole kwenye kigoda chake, nyundo mkononi.

"Mke wangu," alisema, "kucha yako imefuata nini kwenye suruali ya mwalimu?"

"Sasa mnaona?" mwalimu alilalamika kwa madaftari yake. "Nimesema tangu mchana, mfukoni mwangu hakuna kitu ila chaki."

"Chaki nyekundu?" mke wake alifoka.

"Zipo nyekundu! Za kupigia mstari!"

Mama Povu aliomba suruali iletwe. Akaupindua mfuko mbele ya watu wote, na kweli, kwenye pembe ya mshono palikuwa na mchubuko mwekundu na nyuzi mbili zilizovutika. Akaeleza alivyokwangua na jinsi wingu lilivyomharakisha. Kisha akainua kidole cha pete, akaitua kucha juu yake, ikakaa kama kifuniko kwenye chupa yake.

Mke wa mwalimu alitazama kidole, akatazama mfuko, akamtazama mumewe. Akageuza beseni, akaketi juu yake na kucheka mpaka akalazimika kuitumia ile leso.

"Nisamehe, Mwalimu," alisema akipumua.

"Nimekusamehe," mwalimu alijibu kwa heshima zote. "Lakini nirudishie mto wangu. Na nguo zangu ziingizwe ndani, majirani wanaziona."

Nyundo ilirudi chini. Ndoa mbili zilikuwa zimepona. Lakini kucha zilikuwa bado tisa.

Fundi viatu hakuweza kuvumilia kumwona mkewe amekaa akitazama kidole kitupu. Akaleta kopo lake. "Gundi hii inashika soli ya askari anayetembea kutwa," alisema. "Itashindwa na kikucha?" Mama Povu alisita kidogo tu. Aliponyoosha kidole alikuwa akiwaza kiti, si sheria.

Gundi haikushindwa. Ilishika mara moja, kucha ikiwa imegeukia upande, ikakitazama kidole jirani.

Binti aliporudi kutoka saluni aliikuta familia imekaa kimya mno.

"Mama, lete mkono."

"Uko sawa, mwanangu."

"Mbona hicho kidole kinachungulia?"

Wakamwambia yote. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda nyuma ya shuka lililokuwa likining'inia, na wazazi wake wakaona miguu yake tu, na mabega yake yakilitikisa shuka. Aliporudi alikuwa na chupa ya dawa ya kutolea kucha na pamba.

"Nani angejua?" mama yake aliuliza, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Madam angenusa."

"Angenusa nini?"

"Viatu, mama." Akakishika kile kidole, akaanza kukilowesha. "Na asingenusa yeye, ningenusa mimi kila siku nikikaa kwenye kile kiti."

Ilichukua saa nzima. Fundi viatu alisimama pembeni, moyo umegawanyika: alisikitika kwa ajili ya binti, na akaona fahari kwa ajili ya gundi.

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi ya leo, Mama Povu amekaa ndani ya saluni kwa mara ya pili maishani mwake. Kulia kwake yuko wifi anayepokea simu. Kushoto, shangazi mwenye mguu wa plasta, magongo yameegemezwa kwenye kioo. Mke wa mwalimu amekuja pia. Anasema ni shahidi, ingawa hakuna aliyemwita.

Madam anavaa miwani ya shingoni juu ya ile ya macho. Anahesabu za wifi: kumi. Anahesabu za shangazi: kumi, zinang'aa kama jana. Anafika kwa Mama Povu, anafika kwenye kidole cha plasta, anasimama.

"Tisa," anasema.

"Ya kumi hii hapa, Madam," binti anajibu na kumpa kimfuko. "Ilianguka siku ya kumi na tisa. Baba akaibandika, mimi nikaibandua."

Madam anainusa. "Mbona inanuka kiatu?"

"Ni baba."

Mke wa mwalimu anajitolea kutoa ushahidi na anautoa wote, pamoja na sehemu ya mto. Madam hacheki, lakini anavua miwani zote mbili na kuzifuta. Kisha anaigeuza ile kucha kwenye mwanga. Chini yake, pale ambapo dawa haikufika, gundi ya saluni bado imeng'ang'ania kipande chembamba cha kucha ya asili ya Mama Povu.

"Gundi haikuachia," anasema kama anayejisemea. "Kidole ndicho kilichokatika." Anamgeukia shangazi. "Mama, siku ishirini na moja ulifanya nini?"

"Nililala, mwanangu. Daktari aliniambia nilale."

Madam anaagiza mabeseni matatu ya maji ya moto, sabuni na mataulo matatu ya saluni. "Fueni," anasema.

Shangazi anacheka, akidhani ni utani. Si utani. Baada ya dakika tatu kucha yake ya kwanza inaelea juu ya povu. Ya pili inafuata, kisha ya tatu, na shangazi anaanza kuziokota akiomba radhi kwa kila moja. Wifi anapoteza mbili, na simu yake inalia bila kupokelewa.

Mama Povu hajasikia lolote kati ya hayo. Ameinama juu ya beseni, ngumi, kiganja, kiwiko, amesahau kwamba anapimwa. Anaponyanyua taulo na kulikung'uta, zile tisa zipo palepale. Uso wake hauna furaha hata hivyo.

"Madam, nisamehe kwa kusema," anaanza, na binti yake anafumba macho kwa sababu anaijua sauti hiyo. "Hili taulo nani anawafulia? Hili halijawahi kufuliwa. Hili limekuwa likiloweshwa tu."

Mke wa mwalimu anaitikia kwa kichwa, kama shahidi.

Madam anamtazama mama, anatazama taulo, anamtazama binti. "Kiti ni chako kuanzia Jumatatu," anasema hatimaye. "Lakini kumi sijaziona, na sheria yangu haifi leo. Kabla ya mwaka kwisha utaniletea kumi, na utazibandika kwenye mikono hiihii."

Binti anasema asante mara tatu. Mama yake anampigapiga mgongoni kwa kiganja kilicholowa, na kuacha alama tano za povu kwenye gauni lake.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa saluni, binti tayari anachora mpango kwenye karatasi ya risiti. Anataka kubandika kucha fupi, nene, zenye ncha ya mviringo, kwa wanawake wanaofanya kazi za mikono: wafuaji, wafagiaji, wachuuzi, mafundi. Anaziita kucha za kazi. "Wanadhani urembo ni wa waliokaa," anasema. "Mimi nataka uwafuate waliosimama."

Mteja wa kwanza keshajiandikisha. Ni mke wa mwalimu, na anataka nyekundu ileile. "Ikipatikana tena mfukoni," anaeleza, "nianze kujishuku mwenyewe."

Mama Povu yeye atasubiri. Kucha yake iliyokatika inahitaji miezi kadhaa kuota, na kaya kumi na nne hazijaacha kuchafua nguo. Lakini siku ya zile kumi ameshaipanga.

"Nitavaa viatu vya kutokea," anasema. "Nitaingia kwa mlango wa mbele, nikae, ninyooshe mikono juu ya meza, mwanangu anipulizie vidole. Sifui. Sipiki. Siokoti hata sarafu. Mtu akinipigia simu, aambiwe Mama Povu yuko saluni."

Anaitazama mikono yake iliyotulia mapajani, mbele, mahali pa kuonekana.

"Ila taulo," anasema, "nitakuja na langu."